Jua la Newala na Karakana ya Figo

Uhusiano wa vitamini D na afya ya mishipa ya damu kwa watu wenye ugonjwa sugu wa figo umeandikwa zaidi na watafiti wa nchi ambazo jua ni la msimu, na ndiyo maana swali lenyewe limezoeleka kuulizwa kwa namna moja tu: je, mgonjwa amepungukiwa na vitamini hiyo, na je, akiongezewa, moyo na mishipa yake itapona? Swali hilo likipandishwa hadi uwanda wa Makonde hubadilika sura. Mji wa Newala uko takriban nyuzi 11 kusini mwa ikweta, ukingoni mwa uwanda ulioinuka zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari na unaolitazama bonde la Ruvuma; Masasi iko magharibi yake, chini kidogo, katikati ya vilima vya mawe. Katika miji yote miwili jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katika nusu ya pili ya Oktoba na tena katika nusu ya pili ya Februari, na hata mwezi Juni, jua linapokuwa limesogea mbali kabisa kaskazini, kivuli cha mtu aliyesimama uwanjani adhuhuri hakifiki urefu wake mwenyewe, bali huishia kwenye theluthi mbili hivi. Mjini Boston, Marekani, kivuli cha adhuhuri ya Desemba huzidi mara mbili ya urefu wa mwenye nacho, na utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba kuanzia Novemba hadi Februari ngozi iliyoachwa wazi juani katika mji huo haitengenezi vitamini D hata kidogo.

Tofauti hiyo ya vivuli ina uzito wa kitabibu. Pale ambapo malighafi imekosekana kwa miezi minne, kuiongeza kwa kidonge ni jambo la kwanza linalokuja akilini. Pale ambapo malighafi inamwagika kutoka mbinguni mwaka mzima, mgonjwa wa figo anayeonekana kuwa na upungufu hulazimisha swali lihame kutoka kwenye malighafi na kwenda kwenye karakana inayoifanyia kazi, na kutoka kwenye karakana liende kwenye ukuta wa mshipa wenyewe. Uchambuzi huu unafuata njia hiyo, na hoja yake ni kwamba kwa mkazi wa Masasi au Newala vitamini D ni dawa yenye kazi maalumu na finyu, ambayo isipewe kazi ya kulinda mishipa wakati vitu vinavyoiharibu mishipa hiyo kwa kweli havijaguswa.

Kwanza ni vyema kueleza vitamini D ni kitu gani, kwa kuwa jina lenyewe linapotosha. Vitamini, kwa maana ya kawaida, ni kirutubisho ambacho mwili hauwezi kujitengenezea na hivyo hukipata kwa chakula. Vitamini D hutengenezwa na mwili, na kwa utendaji wake ni homoni, yaani kemikali inayotolewa na kiungo kimoja na kusafiri katika damu ili kuamuru kazi katika kiungo kingine. Safari yake ina vituo vitatu. Katika ngozi, mionzi ya jua ya aina ya urujuanimno hugeuza mafuta fulani yanayofanana na lehemu kuwa vitamini D ghafi. Ini huipokea na kuibadilisha kuwa umbo la akiba, liitwalo kalsidioli, na hilo ndilo linalopimwa maabara mtu anapoambiwa kiwango chake cha vitamini D. Kisha figo, kwa kutumia kimeng'enya maalumu, huigeuza akiba hiyo kuwa kalsitrioli, ambayo ndiyo homoni kamili: huamuru utumbo ufyonze kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye chakula, na huzizuia tezi za paratiroidi, ambazo ni tezi nne ndogo zilizojificha nyuma ya tezi ya shingo, zisitoe homoni yao kupita kiasi. Kwamba hatua hii ya mwisho hufanyika katika figo kuligunduliwa na Donald Fraser na Egon Kodicek huko Cambridge mwaka 1970, na tangu hapo ikaeleweka kwa nini wagonjwa wa figo walikuwa na mifupa laini ambayo haikupona kwa dozi za kawaida za vitamini D: duka lilikuwa limejaa kitambaa, lakini cherehani ilikuwa imekufa.

Ngozi ina busara moja ambayo kidonge hakina. Vitamini D ghafi inapozidi ndani ya ngozi, jua lilelile lililoitengeneza huivunja na kuigeuza kuwa vitu visivyo na madhara, na kwa sababu hiyo hakuna mkulima aliyewahi kupata sumu ya vitamini D kwa kushinda shambani, wakati wapo watu waliolazwa hospitalini kwa sababu ya kumeza vidonge au kuchomwa sindano za dozi kubwa bila mpango.

Ushahidi wa karibu zaidi kuhusu kiwango cha vitamini D kwa Watanzania wanaoishi juani ulichapishwa mwaka 2012, baada ya watafiti kupima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 na kupata wastani wa nanomoli 115 kwa lita, ilhali nchi nyingi huhesabu nanomoli 50 kuwa mpaka wa upungufu. Wamasai na Wahadzabe si Wamakonde wala Wayao wala Wamakua, lakini wanashirikiana nao jambo linalohusika hapa, nalo ni siku inayopita nje ya nyumba. Somo la pili linatoka Nigeria, ambako mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba watoto wenye matege walipona vizuri zaidi kwa kupewa kalsiamu kuliko kwa kupewa vitamini D peke yake, maana jua walikuwa nalo na kilichopungua ni madini katika chakula chao. Anayeona mifupa iliyopinda katika nchi ya jua na kuandika vitamini D papo hapo anaweza kuwa anatibu ugonjwa wa Ulaya katika mwili wa Mwafrika.

Hata hivyo, jua kuwepo si sawa na jua kuifikia ngozi. Msimu wa korosho unapoanza, kazi nyingi ya kuokota hufanyika chini ya mikorosho yenyewe, ambayo kivuli chake ni kizito kiasi kwamba majani hayaoti vizuri chini yake. Jua hasa hupatikana wakati wa kuanika, pale mwanamke anapoinama juu ya jamvi uani, akizigeuza korosho kwa kiganja na kutoa zilizooza na zilizo changa; wakati huo uso, shingo na mikono hadi kwenye viwiko ndivyo vilivyo wazi, na mgongo na miguu vimo ndani ya kanga mbili. Ngozi nyeusi ina rangi inayoichuja mionzi hiyo, kwa hiyo huhitaji muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile, ingawa kwa mtu anayeshinda nje muda huo anao. Wanaobaki nyuma ni wale ambao jua haliwafikii kwa sababu ya hali zao: bibi kizee asiyetoka ndani, mgonjwa aliyelazwa wiki kadhaa, mfanyakazi wa ofisini mjini Masasi, mwanamke ambaye vazi lake la staha humfunika hadi vidoleni. Wapo pia wale ambao figo zao zinavuja protini, na hawa wanahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee, kwa sababu vitamini D husafiri katika damu ikiwa imebebwa na protini maalumu, na protini hiyo inapopotea kwenye mkojo hubeba akiba pamoja nayo. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na upungufu wa kweli huku amekaa juani kutwa nzima.

Figo zinapoanza kushindwa, mpangilio wa matukio ni tofauti na ule ambao vitabu vya zamani vilidhani. Kushindwa kwa figo hupimwa kwa kasi ya uchujaji, yaani kiasi cha damu kinachosafishwa kwa dakika moja. Mtu mwenye afya huwa na karibu mililita 90 au zaidi, na ikishuka chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa ugonjwa sugu, na ikishuka chini ya 15 maisha huanza kutegemea mashine au figo ya kupandikizwa. Muda mrefu kabla ya kufika huko, mifupa hugundua kwamba fosfeti haitoki mwilini kama inavyopaswa, nayo hutoa homoni inayojulikana kwa kifupi kama FGF23, ambayo huisukuma figo itoe fosfeti nyingi zaidi kwenye mkojo na papo hapo huizuia isitengeneze kalsitrioli. Kwa hiyo kushuka kwa kalsitrioli katika hatua za mwanzo si uchovu wa karakana peke yake. Ni amri iliyotolewa kwa makusudi ili utumbo upunguze kuingiza fosfeti. Baadaye karakana nayo huharibika, kalsiamu hushuka, tezi za paratiroidi huona njaa ya kalsiamu na kuanza kuibomoa mifupa ili kuipata, na mwishowe damu huwa imebeba fosfeti nyingi, kalsiamu isiyotulia, FGF23 iliyopanda maradufu na homoni ya paratiroidi isiyozuilika. Wataalamu huuona mkusanyiko huu kuwa ugonjwa mmoja wenye nyuso mbili, wa mifupa na wa mishipa: mifupa hupoteza chokaa, na mishipa huipokea.

Maneno hayo ya mwisho yachukuliwe kama yalivyo. Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, una tabaka la ndani laini kama utando wa yai, tabaka la katikati la misuli na nyuzi zinazonyumbuka, na ganda la nje. Katika ugonjwa sugu wa figo, seli za misuli ya tabaka la katikati zinapoogelea katika fosfeti kwa miaka, hubadili tabia: huacha kujikunja na kutanuka, huanza kutengeneza protini ambazo kwa kawaida hutengenezwa na seli za mifupa, na kuanza kujijengea chokaa. Picha ya eksirei ya mkono wa mgonjwa wa namna hii huweza kuonyesha, pembeni mwa mifupa ya vidole, mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba kama reli. Mistari hiyo ndiyo kuta za ateri ambazo hazikupaswa kuonekana kabisa. Kilichowashtua madaktari ni umri wa wagonjwa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichunguza vijana wenye miaka 20 hadi 30 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine, wakakuta chokaa katika mishipa ya moyo ya 14 kati ya 16, ilhali kati ya vijana 60 wenye afya waliolinganishwa nao walioonekana kuwa nayo ni 3 tu.

Mshipa uliojaa chokaa haunyumbuki, na kutonyumbuka huko kunaweza kusomwa hata na mhudumu wa zahanati asiye na kifaa kingine zaidi ya mashine ya presha. Moyo unapopiga, ateri yenye afya hutanuka na kumeza sehemu ya kishindo, kisha hujirudi polepole na kuendelea kusukuma damu wakati moyo unapumzika, kwa hiyo namba ya juu haipandi mno na ya chini haishuki mno. Ateri ngumu haimezi kitu: namba ya juu hupaa na ya chini huanguka, na mgonjwa huandikiwa 180 juu ya 70, namba ambazo mara nyingi huchukuliwa kuwa presha ya kawaida ya uzee. Pengo hilo la 110 kati ya namba mbili lina maana yake lenyewe, kwa sababu kishindo kisichomezwa na ateri kubwa husafiri hadi kwenye mishipa midogo ya ubongo na ya figo zilezile zilizokwisha kuumia, na moyo unaopambana na ukuta mgumu hunenepa upande wa kushoto.

Je, vitamini D inaingia wapi katika ukuta huu? Seli za tabaka la ndani na za misuli ya mishipa zina vipokezi vya kalsitrioli, na panya walionyimwa kipokezi hicho, kama ilivyoelezwa mwaka 2002, walitoa renini nyingi kupita kiasi na kupandisha shinikizo la damu, renini ikiwa ni kimeng'enya cha figo kinachoanzisha mnyororo wa kubana mishipa. Kutokana na hapo ilionekana wazi kwamba mwenye upungufu wa kalsitrioli atakuwa na mishipa iliyobanwa, na kwamba tiba iko mkononi. Lakini maabara zilezile zilikuwa zimeonyesha tangu zamani kwamba panya akipewa vitamini D kwa dozi kubwa mishipa yake hugeuka chokaa kwa siku chache, kwa kuwa kalsiamu na fosfeti huingia mwilini kwa wingi kuliko mifupa inavyoweza kuzipokea. Homoni moja, basi, huidhuru mishipa ikipungua na huidhuru ikizidi, na kwa mgonjwa wa figo, ambaye mlango wa kutolea fosfeti umefungwa nusu, nafasi iliyopo kati ya kupungua na kuzidi ni nyembamba kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Majaribio kwa binadamu yamethibitisha wembamba huo. Katika jaribio lililoitwa PRIMO, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, wagonjwa 227 wenye ugonjwa sugu wa figo walipewa parikalsitoli, dawa iliyo ndugu wa kalsitrioli, au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 48. Unene wa moyo haukupungua. Japani, jaribio la J-DAVID lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuatilia wagonjwa 976 wa kusafishwa damu, nusu wakimeza alfakalsidoli, ndugu mwingine wa kalsitrioli, na matukio ya moyo na mishipa hayakupungua kwa waliomeza. Jaribio kubwa la VITAL nchini Marekani, lenye watu 25,871 wa kawaida waliopewa yuniti 2,000 kwa siku au kidonge kitupu, halikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi, na tawi lake lililowaangalia watu 1,312 wenye kisukari halikupunguza kasi ya kudhoofika kwa figo katika miaka mitano. Kinyume na hayo yote husimama jaribio la Chandigarh, India, la mwaka 2017, ambalo liliwachagua wagonjwa 120 wa figo waliokuwa na upungufu wa kweli wa akiba, likawapa nusu yao yuniti 300,000 mara mbili kwa kuachana wiki nane, na baada ya wiki 16 likaona ateri za mikono yao zikitanuka vizuri zaidi damu ilipozuiwa na kuachiwa.

Haifai kuyachanganya matokeo hayo katika chungu kimoja na kusema kwamba wanasayansi hawakubaliani. PRIMO na J-DAVID ziliwapa wagonjwa bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, yaani homoni kamili au karibu kamili, inayoingia utumboni na kuamuru kalsiamu na fosfeti ziingie. VITAL iliwapa malighafi watu ambao wengi wao hawakuipungukiwa. Chandigarh iliwapa malighafi watu waliokuwa wameikosa. Jibu lililo wazi kuliko yote ni kwamba kujaza pengo la kweli kunaweza kuusaidia mshipa, na kumwaga juu ya chombo kilichojaa hakusaidii. Ni jibu la kiasi, tena la kipimo cha utanukaji wa mshipa wa mkono, kwa wiki 16. Kutoka hapo hadi kusema kwamba watu watakufa wachache ni umbali ambao jaribio hilo halikuuvuka. Miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya figo, iliyorekebishwa mwaka 2017, ilifika mahali pa namna hiyo iliposhauri kalsitrioli na ndugu zake zisitolewe kwa mazoea kwa wagonjwa ambao hawajaanza kusafishwa damu, na zibakizwe kwa wale ambao homoni yao ya paratiroidi imepanda sana na inaendelea kupanda.

Likirudishwa Masasi na Newala, suala hili hukutana na swali la nini hasa kinachoziua figo katika nchi hii. Utafiti wa kijamii uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, lakini wastani huo ulificha nchi mbili: mjini ulikuwa asilimia 15.2 na vijijini asilimia 2, na kati ya waliokuwa nao ni mmoja tu katika kila kumi aliyejua. Jua la mjini na la vijijini ni moja. Kinachotofautiana ni sukari, chumvi, mafuta, uzito wa mwili na presha isiyotibiwa, na vyote hivyo vinapanda barabara kwenda Newala sawa na bidhaa nyingine zozote.

Yapo pia mambo ya kusini yenyewe. Kichocho cha mkojo, ugonjwa unaojulikana vyema katika mabonde ya ukanda huu, huacha makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo, na mkojo unaorudi nyuma kwa miaka huibana figo hadi ikanywea. Tenofovia, dawa iliyookoa maisha ya maelfu ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa baadhi yao huumiza mirija ya figo na kusababisha fosfeti ipotee kwenye mkojo badala ya kulundikana, na huyu ni mgonjwa ambaye kanuni zote zilizoelezwa juu ya fosfeti humgeukia kinyume. Kisha kuna dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, zinazonunuliwa dukani bila cheti na kumezwa msimu mzima wa kulima. Hapa historia ya uwanda ina neno la kuchangia: homa ya chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika eneo hili la Newala na uwanda wa Makonde, ikaelezwa na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden mwaka 1955, na jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha kile kinachomkunja mtu. Lugha iliyoupa ulimwengu neno la maumivu ya viungo ina wasemaji wanaoyajua maumivu hayo, na maumivu yasiyo na mwisho ndiyo yanayomleta mtu kwenye kaunta ya duka la dawa.

Maji nayo yana sehemu yake. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaonyonya mvua yote, hauna mito wala visima vya karibu, na mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wakiteremka hadi chini ya ukingo kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa miaka ya 1950, umepunguza taabu hiyo bila kuimaliza. Huko Nikaragua na El Salvador wakataji wa miwa wanaofanya kazi kwenye joto bila maji ya kutosha wamepata ugonjwa wa figo usiotokana na kisukari wala presha, na ingawa shamba la mikorosho lenye kivuli si shamba la miwa, mtu anayepima kila lita ya maji kwa urefu wa kilima hunywa kidogo kuliko figo zake zinavyotaka.

Chakula cha wagonjwa hawa kinadai maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ushauri ulioandikwa kwa watu wa nchi nyingine hunakiliwa kwenye kuta za kliniki bila kubadilishwa. Fosfeti, ambayo ndiyo inayoigeuza misuli ya ateri kuwa mfupa, imo kwa wingi katika korosho, mbaazi na karanga, na kwa kusoma jedwali peke yake mgonjwa wa Newala angekatazwa karibu kila kitu kinachoota shambani kwake. Lakini fosfeti ya mbegu na kunde imefungwa ndani ya kemikali iitwayo fitati, ambayo utumbo wa binadamu hauna uwezo wa kuivunja vizuri, kwa hiyo sehemu inayoingia kwenye damu huwa ndogo, mara nyingi chini ya nusu. Fosfeti ya nyama, maziwa na dagaa huingia zaidi, na ile inayotiwa viwandani kwenye soda za rangi ya kahawia na nyama za kusindikwa huingia karibu yote. Mzee anayekula ugali wa muhogo kwa mbaazi na kisamvu ana mishipa iliyo salama zaidi, kwa upande wa fosfeti, kuliko mwanawe wa mjini anayeshushia chipsi kwa soda, na ni ajabu kwamba orodha ya makatazo humwangukia mzee. Tahadhari ya korosho ibaki kwa sababu nyingine, ya potasiamu, ambayo ikizidi kwa mgonjwa aliyefika hatua za mwisho huweza kuusimamisha moyo.

Dawa za kuizuia fosfeti utumboni zipo, na iliyo rahisi kupatikana ni kalsiamu kaboneti, ambayo ni chokaa kwa jina na kwa asili. Hufanya kazi, lakini mgonjwa anayeimeza kwa wingi huku anapewa na alfakalsidoli hupokea kalsiamu kwa milango miwili, nayo haina pa kwenda isipokuwa mishipani. Hapo dawa ya mifupa inaweza kuwa malighafi ya ugonjwa wa mishipa, hasa pale ambapo kalsiamu ya damu haipimwi mara kwa mara. Dawa zilizothibitishwa kuzilinda figo na mishipa kwa pamoja ni za aina nyingine: kaptoprili, ambayo faida yake kwa figo za wenye kisukari ilionyeshwa mwaka 1993, losartani iliyofuata mwaka 2001, na dapagliflozini, ambayo mwaka 2020, kwa wagonjwa 4,304, ilipunguza kuporomoka kwa figo na vifo vinavyohusiana kwa asilimia 39. Mbili za kwanza ni za bei nafuu na za siku nyingi. Kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo, kipimo cha kreatinini na kidonge cha losartani kinachomezwa kila siku huifanyia ateri ya mkazi wa Newala kazi ambayo hakuna chupa ya vitamini D iliyowahi kuonyesha kwamba inaiweza, na shilingi ya kwanza ya mgonjwa iende huko kabla ya kwenda kwenye kipimo cha vitamini ambacho maabara za wilaya hazina mazoea nacho.

Shilingi hiyo yenyewe ina kalenda yake. Mkulima wa korosho hupata fedha zake baada ya mnada, kupitia chama cha msingi, katika miezi michache ya mwisho wa mwaka, na kiasi hicho hugawanywa kwa ada, deni la viuatilifu na bati la nyumba. Kusafishwa damu hakujui msimu: ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, vipindi 156 kwa mwaka, katika hospitali kubwa ambazo kwa mtu wa Newala ziko mbali na shamba lake. Anayehamia mjini kwa ajili ya mashine hutumia siku zake ndani ya chumba cha kusubiri, kitandani na kwenye basi, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, anaweza kweli kupungukiwa na jua. Kwake yeye akiba ya vitamini D inastahili kupimwa na kujazwa, na kwake yeye kalsitrioli ina kazi halali, kwa kuwa tezi zake za paratiroidi hazina kitu kingine cha kuzituliza.

Tangu Novemba 2017, upandikizaji wa figo hufanyika nchini, ukianzia Muhimbili na kufuatiwa mwaka 2018 na hospitali ya Dodoma inayoitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi. Figo mpya inapokubali, huanza tena kuigeuza akiba iliyotoka kwenye ngozi na ini kuwa homoni kamili, na FGF23 iliyokuwa imepanda kwa miaka hubaki juu kwa muda kiasi kwamba wagonjwa wengi, waliokatazwa fosfeti kwa miaka, hujikuta katika wiki za kwanza wanapungukiwa nayo na kuambiwa waile. Mifupa huanza kujirudishia madini yake. Mistari miwili myeupe pembeni mwa mifupa ya vidole, mkono ukipigwa eksirei nyingine baada ya mwaka, kwa kawaida bado ipo palepale.